Kiti cha Bi Zuwena Harusini

Tajiri Mbwarali alikuwa buheri wa afya, ila alijua kwamba harusini wagonjwa hupakuliwa kwanza. Akamwendea mpangaji wake, Bi Zuwena.

“Niazime kiti chako cha magurudumu, la sivyo hama leo!”

“Chukua, baba. Lakini breki imekufa na tairi hazina upepo.”

Mbwarali akamwita fundi, kiti kikawa kama kipya.

Harusini akasukumwa hadi mbele, akilalamikia kiuno. Masinia ya pilau yakampita, akaletewa uji.

“Mbona uji?” akang'aka.

“Bi Zuwena ametuambia daktari amekukataza nyama,” alisema mpishi. “Au umepona? Simama basi tukupakulie.”

Watu wote wakamtazama. Mbwarali akanywa uji.

Bi Zuwena, aliyejikongoja na mkongojo wake, alikuwa pembeni akitafuna mnofu.

“Kunywa upesi, mwenye nyumba,” alisema. “Nimeshiba, nataka kiti changu.”