Kiboko Aliyeziba Mashimo ya Fuko

Paukwa!
Pakawa!
Shimo?
Liwe na mlango wa nyuma!

Mniwie radhi, wapenzi wangu, ngano hii nitaiharibu. Bibi yangu aliisimulia vizuri. Mimi nimerithi mdomo wake tu, akili ikaenda kwa dada. Tena nasimulia nimesimama. Msiniulize kwa nini.

Basi, Kiboko alikuwa na shamba la viazi vitamu. Shamba kubwa, tumbo kubwa zaidi. Chini ya matuta aliishi Fuko, mdogo kama ngumi, na mkewe aliyejifungua jana. Watoto hawajafumbua macho, hata kutambaa hawajui. Fuko akiguguna kiazi kimoja, Kiboko hulia kama kaibiwa shamba zima.

Siku hiyo Kiboko akaleta chungu cha makaa, akatia pilipili kichaa, akakitegesha mlangoni kwa Fuko, akapuliza. Fuuu! Fuuu!

Mama Fuko akakohoa. "Baba watoto, tunakufa!"

"Ziba chumba kwa udongo, mama, ukae na watoto. Mzee huyu ana ugonjwa mmoja: adabu."

Fuko akachomoza kwenye tundu la mbali. "Shikamoo, babu!"

"Mara—khoo! khoo!—haba!" Moshi ukamwingia kooni. Si mnajua, shikamoo haiachwi ikaanguka chini.

"Babu, moshi unavujia huku. Unaharibu pilipili bure."

"Kweli, mjukuu wangu." Akaliziba kwa jembe. Puu! Akapuliza. Fuuu!

Fuko akachomoza kwenye tundu jingine. "Shikamoo, babu!"

"Mara—khoo!—haba!"

"Na huku unavuja."

"Ahsante, mjukuu." Akaliziba kwa gogo. Puu! Akapuliza. Fuuu!

Likabaki tundu la mwisho, nyuma yake hasa. "Shikamoo, babu!"

"Marahaba! Utaniua kwa salamu! Na gogo sina tena."

"Babu nawe! Una tako lote hilo, gogo la nini?"

Kiboko akacheka mpaka machozi. "Mjukuu mtundu wewe!" Akakaa. Pwaa! Akainamia chungu, akapuliza kwa nguvu zake zote. Fuuuuuu!

Moshi ukaingia, ukatafuta njia. Hapa jembe. Hapa gogo. Chumba cha watoto, udongo mtupu. Mbele kidogo, ukaona mlango laini.

"Mamaaa!"

Kiboko huyo, gidi gidi gidi, mpaka mtoni, chubwi! Hadi leo yumo majini mchana kutwa, anapoza. Fuko naye kila mavuno humwachia kiazi kinono ukingoni.

"Shikamoo, babu!"

"Bu-bu-bu-rahaba!"

Ngano yangu imeingia shimoni: ikiwa tamu ichimbueni, ikiwa chungu ifukieni.

Na funzo lake ni hili: ukiona fuko bustanini, ziba mashimo yote, usibakize hata moja. Mimi nimeyafukiza pilipili na kuyaziba ya uani kwangu leo asubuhi, magogo yakapungua. Wala fuko hakunidanganya. Hata salamu hakunipa. Wazo la kukaa lilikuwa langu mwenyewe.

Nani ana beseni la maji?