Pengo Kati ya Jalada la 46 na la 48

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 9 Februari 1987, kati ya jalada namba 46 na jalada namba 48 palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili. Ndani ya pengo hilo hapakuwa na kibao.

Bi Sekela aliwaanzia hapo makarani watatu wapya, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe lilipoandikwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi hiyo walikuwa wamemsikia akimwambia ofisa mmoja aliyekuwa akitoka na jalada kwapani, "Pengo lisilo na kibao halina mwenyewe," na ofisa akarudi bila kubisha, akaandika jina lake. Wakamwuliza methali hiyo ni ya wapi, maana shuleni hawakuwahi kufundishwa.

"Hamkufundishwa kwa sababu ilizaliwa humu humu," alisema Bi Sekela. "Siku hizo nilikuwa mpiga chapa wa skimu. Nitawaeleza niliyoyaona, na yale aliyonieleza mwenye masijala kwa kinywa chake. Nisiyoyajua sitayaongeza. Kaeni."

Chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Skimu ya umwagiliaji ya Ndalisi ilikuwa na wakulima wa mpunga mia mbili na kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na mlango wake wa maji kwenye mfereji mkuu. Kila mlango ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jalada. Ndani ya jalada mlikuwa na fomu ya ugawaji, mchoro wa mlango, na sahihi za mashahidi wawili. Asiye na jalada hakuwa na mlango, hata kama maji yalipita hatua tatu kutoka shambani kwake.

Masijala ilikuwa chumba kimoja chenye rafu sita, kilichonuka karatasi kuukuu na dawa ya mchwa. Aliyeitunza aliitwa Tusekile, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amepoteza hata karatasi moja. Siri yake ilikuwa vibao. Seremala alimkatia mbao nyembamba, akazipaka rangi nyeusi. Jalada likitoka, kibao kinaingia mahali pake, na juu ya kibao huandikwa kwa chaki jina la aliyelichukua na tarehe. Kila Ijumaa Tusekile alipita rafu kwa rafu, akanakili majina, akampa tarishi orodha ya watu wa kukumbushwa. Meneja aliandikwa. Bwana shamba aliandikwa. Mkaguzi kutoka wilayani naye aliandikwa, ingawa alinuna.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuandikwa. Mwenyekiti wa skimu, Mzee Mwakalobo, alikuwa baba wa mume wake Tusekile. Kwa desturi ya Wanyakyusa waliyoishika watu wa hapo, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake. Mzee naye humwepuka mkamwana wake, na akilazimika kupita alipo, hukohoa kwanza ili mwenzake apate kujificha. Haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Wote wawili waliishika bila kuchoka. Au, kwa upande wa Tusekile, bila kuonyesha kwamba amechoka. Mzee akihitaji jalada alimtuma tarishi, na jina la tarishi ndilo lililoandikwa kwenye kibao. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka yote.

Ijumaa tarehe 30 Januari tarishi alikuwa msibani.

Saa nne hivi Tusekile alisikia kikohozi mlangoni. Alikijua. Aliacha kalamu mezani, akaenda nyuma ya rafu ya tano, akajifunika khanga kichwani. Alisikia hatua za mzee zikienda rafu ya pili, majalada yakisuguana, kisha hatua zikitoka. Alipojitokeza aliliona pengo. Akachukua kibao na kipande cha chaki, akasimama navyo.

Jina lile hakuweza kulitamka, na kuliandika ubaoni ambapo kila mtu atalisoma aliona ni sawa na kulitamka kwa sauti kubwa. Alifikiri kuandika jina la tarishi kama siku zote, lakini tarishi alikuwa msibani, na hilo lingekuwa uongo wenye tarehe. Kuweka kibao kitupu hakukumjia akilini. Kibao bila jina, kwa hesabu yake, kilikuwa kipande cha mbao tu. Alikirudisha kibao sandukuni. Mzee angelirudisha jalada kesho yake au keshokutwa.

Ijumaa iliyofuata alipita rafu kwa rafu. Orodha ilitokana na vibao, na palipokuwa na pengo la 47 hapakuwa na cha kunakili. Miguu ilimuuma. Akapita.

Jalada namba 47 lilikuwa la Mzee Asajile, mkulima wa ekari mbili. Mwaka ule mvua zilichelewa, na mpunga wote ulitegemea mfereji. Jumatatu ile ya tarehe 9 Meneja Chamshama, mtu wa kutoka Handeni aliyekuwa na miezi minne pale, alipokea barua ya jirani wa Asajile akidai kwamba mlango namba 47 ni wake. Meneja akaagiza jalada. Tusekile akaandika katika daftari la masijala: *47, halipo rafuni, hakuna kibao.* Saa ilikuwa mbili na dakika kumi.

Kisha akaenda chumba cha mpiga chapa.

"Dada Sekela, nisaidie. Jalada analo yule ninayemficha uso."

"Una hakika?"

"Nilisikia kikohozi chake. Sikumwona."

Sekela alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti. Mkewe alimwambia mzee alipanda milimani tangu Jumapili ya tarehe mosi kumwuguza kaka yake. Wakatafuta chini ya kitanda, kabatini, juu ya dari. Jalada hawakuliona. Jumanne tarishi akatumwa milimani. Alirudi Jumatano jioni na habari kwamba mgonjwa amehamishiwa hospitali na mzee ameandamana naye. Hospitali ipi, kila aliyeulizwa alitaja yake.

Kamati ilikutana Alhamisi tarehe 12. Kwa kuwa mwenyekiti hakuwapo, Meneja aliongoza kikao, na Tusekile aliweza kuingia. Alisimama karibu na mlango. Mzee Asajile alikaa mbele, kofia magotini, tope limemkaukia miguuni. Miche yake ilikuwa na siku ishirini na tatu kitaluni. Kila mtu chumbani alijua kwamba mche wa mpunga ukipita siku thelathini bila kupandikizwa huanza kuzeeka, na ukizeeka hauzai kitu.

"Mashahidi wa fomu yako ni nani?" Meneja alimwuliza.

"Mmoja tulimzika mwaka juzi. Wa pili ndiye huyo aliyekuandikia barua."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

"Nakala ya wilayani?"

"Nimeulizia," alisema Tusekile. "Huchukua wiki sita."

"Basi tubaki na jalada la hapa. Bibi karani, liko wapi?"

"Lilichukuliwa tarehe 30 Januari."

"Na nani?"

Tusekile alitazama sakafu. Mjumbe mmoja akasema, "Labda limeliwa na mchwa."

"Mchwa wa huku wanachagua namba?" alijibu mwingine. "Arobaini na sita wameliacha, arobaini na nane wameliacha."

"Bibi karani, nimeuliza," alisema Meneja. "Nani?"

"Siwezi kumtaja, Bwana Meneja."

"Basi andika." Akasukuma karatasi mezani.

"Wala siandiki."

"Mama, mimi uliniandika ubaoni kwa jalada nililokaa nalo nusu saa! Leo ni nani huyo asiyeandikwa?"

Wajumbe saba walijua jibu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba ni kazi yake kulitoa. Mwenyekiti hakuwapo kujieleza, na kumsema mtu mzima nyuma ya mgongo wake, mbele ya mkamwana wake, lilikuwa jambo lisilosemeka. Sekela, aliyekuwa akiandika muhtasari, alimwona Tusekile akivuta khanga yake hadi kwenye paji la uso.

Aliyesema ni Mzee Asajile.

"Ndaga, ahsante, Bwana Meneja, lakini mwache mkamwana wa watu. Mtamtesa bure. Mimi nimeielewa habari yenyewe tangu alipotazama chini."

"Kama umeielewa, itaje wewe. Mlango ni wako."

"Niitaje kwa ushahidi gani? Mimi sikuwapo. Naye alikuwa nyuma ya rafu, hakuona, alisikia. Kama kibao kingekuwepo, kibao kingesema, wala sisi wote tusingetoka jasho hapa." Akaipangusa kofia yake vumbi. "Pengo lisilo na kibao halina mwenyewe. Hata mngekesha mkiuliza, halina."

Meneja aliirudisha karatasi mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Sekela alisema hivyo mara mbili, ili vijana wasije wakamdhania vingine. Kisha akasema polepole, "Mzee, nina madai ya maandishi mkononi. Jibu la maandishi sina. Nikiuacha mlango wazi kwa maneno, kesho watakuja mia mbili kwa maneno."

"Mlango ule bawaba nilifunga mwenyewe."

"Nakuamini. Lakini imani yangu haina mahali pa kuwekwa rafuni."

Kamati ikaamua mlango namba 47 ufungwe mpaka jalada lionekane. Kufuli ilitiwa saa tisa na nusu alasiri. Tusekile ndiye aliyeandika tarehe kwenye lebo ya ufunguo, kwa kuwa funguo nazo zilitunzwa masijala.

Siku zilizofuata alikwenda kazini kama kawaida. Kila asubuhi Mzee Asajile alipita dirishani pake akielekea kitaluni na debe la maji begani, akisimama kidogo kuuliza, "Bado?" Naye hujibu, "Bado, baba." Debe moja haliwezi kunywesha ekari mbili, na wote wawili walijua. Baada ya wiki mbili mzee aliacha kuuliza. Alipita tu, akiinua mkono. Tusekile alimwambia Sekela kwamba afadhali siku zile alipokuwa akiuliza.

Mzee Mwakalobo alirudi Jumanne tarehe 3 Machi, baada ya kumzika kaka yake. Jalada lilikuwa ndani ya mkoba wake, limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amelichukua ili aupime mchoro wa mlango kabla ya kikao, akaondoka nalo kwa haraka ya ugonjwa. Alipoelezwa yaliyotokea, alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi bila kuvua mkoba.

"Mbona hamkunikumbusha?" alimwuliza Meneja. "Kila siku nilijiambia, Ijumaa orodha itafika. Haikufika, nikajua halina haraka."

"Mzee, hukuwa kwenye orodha. Hukuwa na kibao."

"Sikuwa na kibao?" Alifikiri. Akatazama dirisha la masijala, kisha akageuza uso haraka. "Kweli. Nani angeniandika?"

Fomu ilisomwa. Mlango ulikuwa wa Asajile, bila shaka yoyote. Kufuli ikafunguliwa saa nane mchana na maji yakaingia shambani. Miche ilikuwa na siku arobaini na mbili, imekuwa mirefu na ya manjano, na mingine ilikwisha toa mafundo. Mwenyekiti alikwenda hadi kitaluni kwa miguu kumwomba radhi mwenye shamba. Asajile alimpa pole ya msiba kwanza, kama inavyopasa, kisha akasema yamekwisha. Kesho yake aliikata miche yote akawapa ng'ombe. Mwaka ule familia yake ilikula mihogo.

Ijumaa tarehe 6 Machi, saa nne, Tusekile alisikia kikohozi mlangoni. Aliacha kalamu, akaenda nyuma ya rafu ya tano, akajifunika khanga. Hatua zilikwenda rafu ya pili. Majalada yalisuguana. Kisha ikasikika sauti nyingine, ya mbao ikigonga mbao.

Mzee alikohoa tena. Alipozungumza, aliiambia rafu, si mtu.

"Pengo lisilo na kibao halina mwenyewe," alisema. "Hili lina mwenyewe."

Hatua zikatoka. Tusekile alijitokeza, akaenda kutazama. Mahali pa jalada namba 112 palikuwa na kibao kipya ambacho seremala wa skimu hakukichonga. Hakikuwa na jina. Kilikuwa kimechongwa jembe kwa ncha ya kisu, na chini yake, kwa chaki, tarehe ya siku ile. Akachukua daftari na kunakili: *112, jembe, 6 Machi.*

Jalada lilirudishwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi.