Kata Mpya ya Fundi Fisi

Zamani, wanangu, zamani ile wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusengenyana kama sisi, kulikuwa na kijiji chenye kisima kimoja tu, tena kifupi. Mkubwa wao, Mzee Nyati, aliweka desturi: mwenye kuleta kitu kipya, ambacho hakijapata kuonekana, ndiye achote maji kwanza, yeye na ukoo wake, mpaka atokee mwingine na kipya zaidi.

Basi Fundi Fisi akaleta kata ya kuchotea maji, kaifunga njuga. Cheng'! Cheng'! "Kitu kipya!" wakashangilia. Mwaka uliofuata akaipaka rangi nyekundu. "Kipya!" Mwaka huu, mwaka wa ukame, akaitupa ile, akaunda nyingine yenye kioo kwenye mpini ili mtu ajitazame akichota. Wee! Vigelegele! Fisi na ukoo wake, na ulafi wao mnaujua, wakachota mpaka wakaoga. Waliofuata wakakuta tope.

Mama Nguchiro, mdogo kuliko wote, alikuwa nyuma kabisa. Bintiye Chausiku alikuwa na homa, midomo imempasuka. "Mama, maji." Moyo ulimuuma mama yule! Lakini na swali nalo lilimwasha: hivi, kipya hapo ni kipi? Maji yanachotwa vilevile, yanamwagika vilevile.

Akaenda jalalani kwa Fisi, akaokota kata ya mwaka jana. Akakata njuga. Akakwangua rangi, kwaru, kwaru! Akaifunga kwa jani la mgomba, na alfajiri, maji yalipokuwa yamejaa tena, akambeba Chausiku mgongoni, mbio hadi kisimani.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Nimeleta kitu kipya."

"Marahaba. Hebu kifungue tukione."

Akafungua. Kifuu na kijiti. Wanyama wakanyoosha shingo.

"Lo! Chepesi hicho!" akasema Twiga.

"Wala hakina makelele!" akasema Punda.

"Mimi hiki sijapata kukiona," akasema Nyati.

Fisi akaona zamu inamponyoka, akaruka juu. "Uongo! Kipya gani? Hiyo ni kata! Bibi yangu alichotea hiyo hiyo!"

"Una hakika, Fundi?" Mama Nguchiro akauliza kwa upole. "Labda umeifananisha."

"Niifananishe, mimi? Kifuu na kijiti! Tangu enzi za bibi haijabadilika hata chembe!"

"Ahsante, Fundi. Ni yako ya mwaka jana. Nimeitoa njuga na rangi tu, na alama za meno yako hizi hapa mpinini."

Fisi akababaika. "Lakini... hii ya sasa ina kioo..."

"Kioo kinachota maji?"

Nyati akaangua kicheko. "Fisi, nenda nyuma kabisa! Sasa, mama, kwa desturi yangu nani achote kwanza?"

"Labda yule aliyewaza kupasua nazi akachotea, Mzee, wakati wenzake wote walikuwa wakilala kifudifudi wakinywa kwa mdomo. Nani anamjua jina?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemjua, hata Nyati mwenyewe.

"Basi leo aanze mgonjwa," akasema Nyati.

Chausiku akanywa, gu-gu-gu-gu! Akashusha pumzi. "Mama, niongeze."

Nanyi wanangu, mkiambiwa kitu ni kipya, kivueni mapambo kwanza, muone kimebaki nini.