Dawa Iliyokufa Bila Kubadilika Harufu

Wapendwa, huko nyanda za juu kwenye baridi palikuwa na bwana mmoja, na wanaushirika wa kule walikuwa wamejijengea kiwanda kidogo cha jibini. Kazi yake ilikuwa kutunza dawa ya kugandisha maziwa. Wataalamu huiita kimeng'enya. Ni majimaji tu ndani ya dumu, lakini vijiko vichache hugandisha maziwa ya pipa zima. Ina masharti kama mama aliyejifungua jana: ikae kwenye friji, isipigwe jua, isisogee karibu na moto. Ikiungua kwa joto inakufa, na wewe huoni kitu. Rangi ile ile, harufu ile ile. Ndiyo maana kabla ya kutumika lazima ipimwe. Unatia tone kwenye kikombe cha maziwa ya uvuguvugu, unasubiri. Yakishika, iko hai.

Na bwana huyu alikuwa mwangalifu. Watu walimwamini kuliko hiyo friji.

Sasa ikafika sherehe ya kumuaga binti yake aliyekuwa anaolewa. Mnazijua sherehe zetu. Soda zikakosa pa kupozea. Akalitoa dumu kwenye friji ya kiwanda, akaliweka kwenye rafu nyuma ya boila la kuchemshia maji, akasema moyoni: jioni nitalirudisha. Jioni kukawa na vigelegele, na mama wa binti analia, na bwana mwenyewe anatunzwa vitenge. Alilikumbuka Jumatatu, alipolishika likawa la moto kama chupa ya uji.

Akapima. Maziwa yakabaki maji. Akapasha mengine, akapima tena. Maji. Huko nje akina mama walishaanza kumimina ndoo zao. Ulikuwa msimu wa majani, viwele vimejaa, na hakuna nyumba iliyojibakizia hata ya kutilia chai. Akawaza: nitawaambia nini? Kwamba ni kwa ajili ya soda? Akamwaga kikombe.

Fundi wa jibini, mama mjane aliyepita mlango kwa mlango kuwashawishi wenzake waungane, akachungulia.

"Kaka, dawa umeipima?"

"Nimeipima, dada."

"Basi lete, maziwa yameshapata joto."

Ndugu zangu, alisema uongo? Si kweli aliipima? Alimpa dumu, akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo zidisha kidogo, baridi imekuwa kali." Alitumaini wingi utasaidia. Lakini niambieni, maiti kumi wanaweza kubeba jeneza?

Wakasubiri. Mama akachovya kisu, kikatoka kinadondosha maziwa. Akafunika, akasubiri, akachovya tena. Jua lilipoanza kuinama, maziwa yalikuwa yamechacha, yana povu na uvundo. Wakafungua bomba, yakaenda mtaroni. Kijiji kizima mtaroni! Mbwa wakaja. Yule mjane akaketi sakafuni, hakujali unyevu.

"Ulijua?"

Akageuka kufunga bomba.

"Kaka, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Hakupiga kelele. Bwana yule alitamani apigwe hata kofi, lakini mama alisema taratibu tu, "Ungeniambia asubuhi, tungeyapeleka mjini mabichi, yaliyobaki tungewachemshia watoto shuleni. Na wewe ningekucheka kwa hizo soda. Ningekucheka, basi."

Bwana yule alisafiri mwenyewe kufuata dawa mpya. Akaipakata njia nzima ndani ya boksi la barafu, hakuthubutu hata kusinzia. Akaiweka kwenye friji, akafunga kwa ufunguo, asubuhi akapima. Maziwa yakashika! Ukipindua kikombe hayamwagiki. Akatoka mbio uani.

"Dada, imeshika! Iko hai!"

Yule mama alikuwa anafagia. Uani hapakuwa na ndoo hata moja. Wanachama walikuwa wamerudi kuuza maziwa yao kwa walanguzi wa barabarani, kama zamani.

"Imeshika," akasema mama. "Sasa utagandisha nini?"

Wapendwa, najua mnasubiri niseme kwamba watu walirudi. Hawakurudi. Kiwanda kilifungwa, na mjane yule hakubisha tena mlango wa mtu kumshawishi.

Sisi tunapenda kusema tatizo letu ni kutojua. Si kweli! Sisi tumeshapima. Wewe baba unajua upendo nyumbani kwako umekufa tangu lini. Wewe mwanakwaya unajua siku maombi yalipokutoka moyoni, na sare bado inakupendeza, sauti bado ni ile ile. Mkeo anakuuliza, "Uko salama?" Unamjibu, "Niko salama," halafu unazidisha: unaimba kwa nguvu zaidi, unatoa sadaka kubwa zaidi. Na watu wanamimina kwako maisha yao, hawajajibakizia hata ya chai.

Mungu husamehe. Hilo nalihubiri mpaka nife. Bwana yule naye alisamehewa, na mjane mwenyewe ndiye aliyemsamehe, kwa machozi. Lakini msamaha haukuyarudisha maziwa kutoka mtaroni. Kuna kusamehewa, ndugu zangu, ukabaki umesimama peke yako kwenye ua mtupu.