Mkwe wa Saa Sita Mchana

Paukwa!

Pakawa.

Sauti ya nani hiyo, ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Zamani, kabla jogoo hajapewa kazi ya kuamsha watu, Bi Kindi alikuwa na binti mmoja, Chiku. Chiku alimpenda Komba. Bi Kindi akasema sawa, ila kijana aje ale kwake mara tatu, saa sita mchana, amtazame vizuri.

Siku ya kwanza Komba akaja, macho yale kama visahani yanatoka machozi kwa jua. Akalala tonge mkononi. Bi Kindi akasema amechoka na safari.

Siku ya pili akalala hata hajanawa. Bi Kindi akasema huyu mvivu.

Siku ya tatu akaanguka kutoka tawini, akalala palepale alipoangukia. Bi Kindi akasema huyu mlevi, na mlevi haoi kwake.

Chiku akalia. Alipochoka kulia akasema, "Mama, mara zote tatu umemwita saa ya usingizi wake. Mwite mara moja jua likizama."

"Jua likizama wenye adabu wanalala."

"Mara moja tu. Akisinzia, nitaolewa na umtakaye."

Bi Kindi akakubali upesi. Amtakaye alishamchagua zamani.

Giza likaingia. Komba akaja na wajomba zake wanne, anaruka tawi hadi tawi, kikapu cha mahari begani. Akasalimia, akaulizia afya, akachekesha wote. Bi Kindi akamkodolea macho. Lakini yeye ameamka tangu alfajiri, na amekula mara ya mwisho alasiri. Macho yakaanza kuwa mazito.

Mjomba mkubwa akauliza, "Mama Chiku, mahari hii inatosha?"

Kichwa cha Bi Kindi kikaanguka kifuani, kikainuka. Wajomba wakasema ameitika.

"Kijana umempokea?"

Kikaanguka tena, kikainuka.

"Harusi iwe Ijumaa?"

Hapo kikaanguka moja kwa moja.

Asubuhi Bi Kindi akakuta kikapu miguuni pake, na Chiku anapaka hina. Akafoka kwamba hakusema neno.

"Wajomba wanne walikuona, mama. Uliitika mara tatu."

Angesema nini? Kwamba alilala mbele ya wageni? Akachukua mchi, akaanza kutwanga mpunga wa harusi.

Basi wanangu, kabla hamjamwita mtu mvivu, ulizeni kwanza yeye huamka saa ngapi.

Hadithi yangu imekwenda kulala. Aliyesinzia katikati, asije kuniuliza asubuhi.