Udongo wa Wakesho

"Ukidai kiwanja chako, dai na ukame wake." Mmeisikia leo barazani, mkacheka, na sasa mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki, na mpaka leo nikikisimulia hasira hunipanda.

Huku kwetu tambarare, chini ya milima ya Taita, aliishi mjane aitwaye Wakesho. Mumewe alipofariki, shemeji yake Mwakio ndiye aliyegawa ardhi ya marehemu. Mashamba mazuri yote alijigawia mwenyewe. Wakesho akapewa kipande nyuma ya nyumba, kikavu, kigumu, ukikipiga jembe linaruka. Wala haya hakuona.

Wakesho alikuwa akimtunza mama yake, ajuza wa milimani aliyezoea ukungu na baridi. Joto la huku lilikuwa linammaliza. Mchana kutwa alikaa chini ya bati akihema, chakula hakipiti. Alitamani kitu kimoja tu: kukaa kivulini penye makangaga, yale majani ya kwao yaotayo kando ya vijito, yanayojikunja ncha yakiwa machanga.

Basi Wakesho akashika sululu. Akauvunja ule udongo, akauchanganya na samadi ya mbuzi na majani yaliyooza. Akina mama majirani wakamwonea huruma, kila apitaye akaja na karai lake la samadi. Maji ya kuoshea mboga hayakumwagwa ovyo tena, yote yalikwenda pale. Juu akasimika nguzo na kuezeka mabua, chini akatandaza majani makavu ili unyevu usipotee. Udongo ulipokuwa mweusi na laini, akapanda mlimani, akarudi na makangaga ndani ya gunia lililoloweshwa. Yakashika. Ajuza akawekewa kiti pale, akaanza kula, hata akawa anawatania wapita njia.

Ndipo siku moja Mwakio akapita na wageni wake. Akaona ule ubaridi, tamaa ikamshika.

"Shemeji," akasema, "hapa nitapumzika mimi na wageni wangu. Mama yako mtafutie mahali pengine."

"Mahali gani, shemeji? Hapa si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikuazima tu. Ardhi ni ya kaka yangu."

Sasa hebu niambieni, mtu mzima na akili zake anasema hivyo mbele ya kikongwe, tena aliyekaa kitini pake.

Wakaenda kwa wazee wa ukoo. Na hao wazee, nyama ya mbuzi wa Mwakio ilikuwa bado mdomoni mwao. Mkubwa wao akakata shauri: "Wakesho, mrudishie shemeji yako kiwanja chake kama alivyokupa."

"Kama alivyonipa, baba?"

"Kama alivyokupa. Tumemaliza."

"Nimesikia," akasema Wakesho. Akatoka, akawapitia akina mama majirani mmoja mmoja.

Kesho yake akina mama wote waliokuwa wamemletea samadi wakaja na makarai yao. Mabua yakashushwa, makangaga yakang'olewa na mizizi yake, udongo mweusi ukachotwa wote, vyote vikahamishiwa uani kwa Mkanjala, jirani mwenye kiwanja chake mwenyewe. Ajuza akabebwa juu ya kiti chake, akicheka.

Mwakio akaja mbio, anafoka. "Mnaiba! Mnaiba ardhi yangu!"

Wakesho akatua karai, akajifuta jasho. "Ardhi yako hiyo hapo, shemeji, haijapungua. Ni ngumu vilevile, ni kavu vilevile, kama ulivyonipa. Samadi ni ya hawa mama zetu, na jasho ni langu."

Mwakio akawageukia wale wazee wa ukoo, waliokuwa wamefika kwa kusikia kelele zake. Wakainamisha vichwa, kwa kuwa maneno yalikuwa yao wenyewe. Akabaki amesimama juani, na wageni wake hawana pa kukaa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkimwona mtu anamnyang'anya mwenzake alichokihangaikia, eti kwa kuwa mahali ni pake, msimbembeleze. Mwambieni usoni, kama Wakesho alivyomwambia Mwakio siku ile akijitwika tena karai lake: "Ukidai kiwanja chako, dai na ukame wake."