Jani la Kumwomba Radhi Ndeshi

Haya, sogeeni. Na yule bingwa wa kusema "ingekuwa mimi" akae mbele, leo nina kazi naye.

Jirani zangu hapa Machame ni watu watatu nyumba moja. Kuna Aminieli, fundi seremala. Kuna mama yake, Bibi Aikande, ambaye mtori wake, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ukiuonja unasahau kwenu. Na kuna mkewe Mkunde, mwanamke wa saa: akisema saa moja, ni saa moja. Wa nne anaishi Dodoma, Ndeshi, dada yake Aminieli. Figo za Aminieli zilipokufa, Ndeshi alitoa yake moja akampa. Wala hakubembelezwa.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, daktari aliwapa karatasi. Dawa za kuilinda figo hiyo ni za maisha, lakini zinaongeza njaa na kupandisha sukari. Kwa hiyo apunguze mafuta na vitamu, atembee kila siku, asikose kupima.

Bibi Aikande akapika. Kwetu mwanamke akijifungua hulishwa mtori wenye mafuta miezi mitatu, halimi, hachoti maji. "Na huyu kapasuliwa tumbo," alisema, "ana tofauti gani na mzazi?" Miezi mitatu ikawa miaka miwili.

Mkunde yeye alishika dawa. Hakukosea hata dozi moja, jamani, miaka miwili! Ila ile karatasi aliikunja akaitia kabatini, chini ya vitenge. Aliniambia, "Mama mkwe amelia mwaka mzima akimtazama mwanawe anakonda. Mimi ni nani nimnyang'anye mwiko?"

Aminieli alikuwa ameshaisoma karatasi kabla haijakunjwa. Alijua! Lakini njaa ya zile dawa haina adabu, na watu tulimsifu: umenawiri, baba, una kitambi cha bosi. Ndiyo, na mimi nilisema, sikatai, na mpaka leo naona aibu. Akaacha kwenda kupima. Ndeshi akipiga simu kuulizia sukari, anajibiwa, "Iko shwari, dada'angu."

Wiki iliyopita alianguka karakana. Sukari ilikuwa juu mno, na figo ya Ndeshi imeanza kuchoka. Daktari kasema bado inaweza kuokolewa, wakibadilika sasa hivi. Ikifa, Ndeshi hana nyingine ya kutoa.

Na Ndeshi anafika kesho kwa Krismasi. Lazima aambiwe.

Desturi yetu mnaijua: aliyekosa hubeba jani la isale akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Nikatumwa nilikate. Kurudi, nawakuta wanalizozania.

"Lete hapa," Bibi Aikande alilia. "Ni mkono wangu huu uliomlisha mwanangu maradhi."

"Mama hajui kusoma," Mkunde akasema. "Mimi ndiye niliyeficha karatasi. Angesomewa, asingepika vile."

Aminieli hata uso hakuinua. "Mdomo ni wangu. Hakuna aliyenishika akanilisha kwa nguvu. Na aliyemdanganya Ndeshi ni mimi."

"Si mlibebe wote?" nikauliza.

Bibi Aikande akanikata jicho. "Wote? Kosa la wote halina mwenyewe. Yaani tukamwambie hakuna aliyekosa?"

Basi wote watatu wakanitazama mimi, niamue. Nikaona kumbe si kuzozania kosa tu. Atakayelibeba ndiye atakayesamehewa, na wawili watakaobaki watakaa na la kwao moyoni, mezani na Ndeshi, sikukuu nzima.

Jani ninalo hapa, nimeshindwa. Wewe ungemkabidhi nani?